Baba, mkokoteni na bonde la Jangwani

Baba yangu alisukuma mkokoteni Kariakoo kwa miaka 19. Shule aliiachia darasa la nne. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili, hapahapa Dar es Salaam, na kila mwaka nikifika kwenye sheria za mwendo naanza na baba; Newton, Mwingereza aliyeziandika sheria hizo, anafuata. Wiki iliyopita nimezifundisha tena. Nimeona safari hii niyaandike, maana wazazi wengi huniuliza watamsaidiaje mtoto kwenye somo ambalo wao wenyewe walilikimbia.

Njia kubwa ya baba ilikuwa Kariakoo kwenda Magomeni. Unatoka Mtaa wa Msimbazi, unapita eneo la Fire, unaingia Barabara ya Morogoro, halafu barabara inaanza kuinama taratibu mpaka daraja la Jangwani, pale mto unapopita, kisha inapanda tena hadi Magomeni Mapipa. Aliye ndani ya gari halioni bonde lile. Aliyeshika mkokoteni wenye mifuko minane ya saruji analiona kwa magoti.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kazi yake ina ugumu gani. Alikuwa amekaa kibarazani, anapaka viganja mafuta ya nazi. Akaniambia: "Mama, mkokoteni una ugumu mara mbili, kuuanzisha na kuusimamisha. Hapo katikati unausindikiza tu."

Nimesoma chuo kikuu baada ya hapo, na sijakutana na sentensi inayobeba sheria ya kwanza ya mwendo vizuri kama hiyo. Sheria yenyewe inasema hivi: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile, kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani, yaani msukumo au mvuto, itokayo nje ikibadilishe. Wanafunzi wangu wanaikariri kwa Kiingereza bila kukosea hata neno. Lakini ukiwauliza kwa nini mpira unaovingirika uwanjani mwishowe unasimama, karibu darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Nguvu imeisha, Madam."

Hapo kwenye "imeisha" ndipo ninapopiga kambi. Siendelei mbele mpaka neno hilo limetoka darasani. Mtoto anayesema nguvu imeisha anaona nguvu kama mafuta ndani ya tenki: ukipiga mpira umeujaza, unakwenda, tenki linakauka, unasimama. Ni wazo zuri sana, watu wenye akili waliliamini kwa karne nyingi kabla ya mwanasayansi Galileo, na linafanana na kila tunachokiona. Kosa lake ni moja. Mpira hausimami kwa sababu kuna kitu kimeuishia. Unasimama kwa sababu kuna kitu kinausimamisha: majani, mchanga, hewa. Ukiviondoa hivyo, hauna sababu ya kusimama.

Mfano wa kwanza ninaoutumia ni daladala, maana wote wamekuja nayo asubuhi. Umesimama, umebanwa, umeshika bomba kwa vidole viwili. Dereva anakanyaga breki ghafla. Nini kinatokea? "Tunasukumwa mbele, Madam!" Nani amewasukuma? Wanaangaliana. Wa nyuma yangu? Na yeye nani kamsukuma? Mwishowe mmoja anasema polepole kwamba hakuna aliyesukuma. Ni kweli. Breki zimelikamata gari. Sakafu ya gari imekamata miguu yako kwa msuguano. Kifua na kichwa hakuna aliyevikamata, kwa hiyo vinaendelea na safari kwa kasi ileile mliyokuwa nayo wote. Gari likiondoka ghafla mambo yanageuka: miguu inachukuliwa, kifua kinabaki, unamwangukia wa nyuma. Likikata kona, mwili wako unataka kwenda moja kwa moja na gari linakuvuta pembeni; kugeuza mwelekeo nako kunahitaji kani, hata kama spidi kwenye dashibodi haijabadilika. Somo lote la siku ya kwanza limo ndani ya basi moja la kwenda Mbagala.

Siku ya pili ni ya gololi. Nina bomba la plastiki nililolipasua katikati likawa mfereji. Ncha moja tunaiinua sentimita 10 juu ya rundo la madaftari, gololi inaachiwa bila kusukumwa. Kwanza tunaishushia kwenye mchanga mkavu: inakwenda kiasi cha shubiri moja, inazama. Halafu kwenye kanga iliyotandikwa sakafuni: inafika zaidi ya mita moja. Halafu kwenye saruji tupu: inavuka darasa mpaka chini ya madawati ya nyuma na watoto wanaikimbilia. Mwisho tunatoka nje, kwenye korido yenye vigae, na pale inapita yote, inagonga ukuta. Urefu wa kushukia ni uleule, gololi ni ileile. Nawauliza: je, kwenye vigae gololi ilikuwa na "nguvu" nyingi zaidi? Hawajibu haraka, na mimi siwaharakishi. Kama ilianza sawa kila mara, basi tofauti imetoka sakafuni. Na kama kila tunapolainisha sakafu inakwenda mbali zaidi, sakafu isiyo na msuguano hata kidogo ingeipeleka wapi?

Hilo ndilo swali alilolibeba Galileo Galilei kule Italia, miaka zaidi ya 400 iliyopita. Alichonga mfereji kwenye ubao mrefu, akaulainisha, akateremsha mpira wa shaba. Saa ya kupima sekunde kwa usahihi haikuwepo, kwa hiyo alipima muda kwa maji: chombo chenye bomba jembamba, maji yanachuruzika wakati mpira unashuka, kisha anayapima maji kwenye mizani. Na alifikiria miteremko miwili inayotazamana. Mpira unashuka huku, unapanda kule, na kama hakuna msuguano utafika kimo kilekile ulikotoka. Ulaze ule mteremko wa pili, mpira lazima uende mbali zaidi ndipo ufikie kimo kile. Ulaze zaidi, utaenda mbali zaidi. Ulaze kabisa, uwe tambarare. Sasa mpira unatafuta kimo ambacho hautakipata kamwe, kwa hiyo hausimami.

Mara ya kwanza niliposoma hayo, nikiwa kidato cha tatu, niliweka kitabu chini. Ilikuwa Jangwani. Miteremko miwili inayotazamana, Fire upande huu, Mapipa upande ule. Baba alikuwa akiuachia mkokoteni uchukue kasi kidogo karibu na daraja, pale anapojua anaweza kuumudu, ili kasi ile impandishe hatua za mwanzo za kwenda Magomeni. Na alijua vizuri kwamba haitamfikisha juu. Msuguano wa beringi na wa matairi ulikuwa unakata njiani, na alikuwa na kopo la grisi aliloning'iniza chini ya ubao, analitumia kila asubuhi. Mbele ya macho yangu kulikuwa na mtu aliyefanya jaribio la Galileo maisha yake yote, na alilipwa kwa mzigo.

Kabla ya sheria ya pili inabidi tupime kasi, kwa sababu bila kupima tunabaki kwenye hadithi. Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda, basi. Naona vitabu vingi vinatumia kurasa tatu hapo. Mimi nawatoa uwanjani. Tunapima mita 50 kwa futi kamba, mmoja anasimama mwisho na simu yenye saa ya kuhesabu, mwingine anashusha mkono wa kuanzia. Mwaka huu kijana mwenye mbio kuliko wote alitumia sekunde 7.1. Gawanya: mita 7.04 kwa sekunde. Alirudi amevimba kifua, na alistahili. Ndipo nikaandika ubaoni kwamba tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Nikawaambia wafanye hesabu wenyewe. Sekunde 212.16. Mita 1,500 gawanya kwa 212.16.

Mita 7.07 kwa sekunde.

Kimya kilichoingia pale nakipenda kuliko makofi. Kasi aliyoipata kijana wetu kwa mita 50, ulimi nje, Bayi aliishika kwa kilomita moja na nusu, tena akiwa ameongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumkingia upepo. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: 25.5. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau namna ya kugeuza mita kwa sekunde kuwa kilomita kwa saa.

Hapo pia tunatenganisha maneno. Watoto wa Dar wana bahati, maana neno mwendokasi wanalo mdomoni kila siku, ni yale mabasi yenye njia yake peke yake. Ila ukiwaambia mwendokasi ni kipimo, wanacheka kwanza. Ugumu uko kwenye "nguvu". Kiswahili chetu cha nyumbani kinaita nguvu kila kitu: misuli, umeme, mamlaka, uchungu wa dawa. Kamusi za sayansi zikatupa "kani" kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na "nishati" kwa kile kinachowezesha kazi kufanyika. Nawaomba wanafunzi wangu watumie kani darasani hata kama inawakwaruza ulimi. Kani haiko ndani ya kitu. Kani ni jambo baina ya vitu viwili, mmoja anamfanyia mwingine. Ukishalishika neno hilo, "nguvu imeisha" inakosa pa kukaa.

Na kuna uzito na tungamo. Tungamo ni kiasi cha ugumu wa kitu kubadilishiwa mwendo, tunakipima kwa kilogramu. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho chini, na hiyo inapimwa kwa nyutoni: kila kilogramu hapa duniani inavutwa kwa nyutoni 9.8. Mwezini mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu. Baba angeweza kunyanyua mifuko yake ya saruji kule kama mtu anayenyanyua ndoo ndogo ya maji. Lakini mkokoteni ukiwa na kilo 400 za saruji ungekuwa na kilo 400 zilezile, na kuuharakisha au kuuzuia kungetaka kani ileile. Ule ugumu wake wa mara mbili ungemfuata mpaka mwezini. Nilimweleza hili mwaka jana akasema, "Basi hata huko si kwa kukimbilia."

Sheria ya pili ndiyo inayotoa namba. Kani jumla ni tungamo mara mchapuko. Mchapuko ni kasi inavyobadilika kila sekunde inayopita. Tuchukue mkokoteni wenyewe kilo 100, na mifuko minane ya kilo 50, jumla kilo 500. Tuseme msuguano unavuta nyuma kwa nyutoni 150, na baba anasukuma kwa nyutoni 250. Inayobaki ni 100. Gawanya kwa 500: mchapuko ni mita 0.2 kwa sekunde kila sekunde. Ili afikie mwendo wa kutembea, mita moja kwa sekunde, anahitaji sekunde tano za kukaza meno. Mkokoteni mtupu, kani inayobaki ikiwa ileile 100, ungefika hapo kwa sekunde moja. Ndiyo ule ugumu wa kuuanzisha.

Halafu, na hapa nawaomba wazazi mtulie kidogo, akishafika mwendo anaoutaka anapunguza kusukuma mpaka nyutoni 150, sawa na msuguano. Mbele 150, nyuma 150, jumla sifuri. Na mkokoteni unakwenda! Kani jumla sifuri haina maana ya kutulia. Ina maana ya kutobadilika. "Hapo katikati unausindikiza tu." Mwanafunzi akilielewa hili moja, mengine yote ya sura hiyo anayapata kwa kusoma mwenyewe.

Ugumu wa kuusimamisha nao una siku yake. Ilikuwa mwaka 1998, mvua za El Niño, mimi niko darasa la nne. Mwenzake wa kusukuma nyuma alikuwa anaumwa, lakini tajiri alitaka saruji yake ifike siku hiyohiyo. Mikokoteni ile ilikuwa na kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa chini ya mkia. Kwenye mteremko unanyanyua mipini, mkia unashuka, tairi linakwaruza lami, hiyo ndiyo breki. Siku ile lami ilikuwa imelowa na ina tope, tairi likawa linateleza. Mkokoteni ukaanza kumkimbiza. Alikimbia nao hatua kadhaa, miguu ikashindwa, akajitupa pembeni huku akipiga kelele, "Pisha njia, mzigo!" Goti lake la kulia lina kovu la siku ile. Mkokoteni ulikwenda ukapiga rundo la mchanga pembeni ya barabara ukasimama palepale. Mifuko haikusimama. Iliruka mbele, miwili ikapasuka kwenye maji. Tajiri alikata fedha yote kwenye ujira wake, na nyumbani tulikula uji jioni kwa siku nyingi.

Nilipokuwa chuoni nilikaa nikaifanyia hesabu siku ile. Tuseme mkokoteni ulifikia mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Kuusimamisha ndani ya mita 10 kunahitaji kasi ipungue kwa mita 1.25 kwa sekunde kila sekunde. Zidisha kwa kilo 500: nyutoni 625. Baba alikuwa na kilo kama 60, uzito wa mwili wake mzima ni nyutoni 588. Angepaswa kuuzuia kwa kani iliyozidi uzito wake wote, kwenye tope, na hapo sijaweka mvuto wa mteremko wenyewe. Hakuna mwanaume aliyeshindwa pale. Nilimpigia simu usiku uleule nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na ningekuwa natembea taratibu?" Nikahesabu: kwa mita moja kwa sekunde, ndani ya mita zilezile 10, ni nyutoni 25 tu, sawa na kunyanyua kilo mbili na nusu za sukari. Kasi mara tano, kani mara 25. Akasema, "Ndiyo maana wazee walikuwa wanatupigia kelele tusikimbie Jangwani."

Hesabu hiyohiyo naileta kwenye barabara iliyo mbele ya shule yetu, kwa sababu watoto wangu wanaivuka mara mbili kwa siku na wengine wanapakiwa watatu kwenye bodaboda. Chukua gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu, linaloweza kupunguza mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa, breki zinahitaji kama mita 14 kulisimamisha. Kwa kilomita 100, mita 55. Kasi mara mbili, umbali mara nne. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu: mita 14 zaidi kwa yule wa 50, mita 28 kwa yule wa 100. Mmoja anasimama baada ya mita 28, mwingine baada ya mita 83. Nawapeleka nje wakazipime mita hizo kwa hatua kando ya uzio wa shule. Wanapofika 28 wanazungumza. Wakifika 83 wameshanyamaza, maana wamepita geti, wamepita kibanda cha mama wa vitumbua, na wanageuka nyuma kuangalia walikoanzia.

Sheria ya tatu wote wanadhani wanaijua: kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na kinyume chake. Wanaimba. Mwaka huu binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei, aliinua mkono. "Madam, kama baba yako anausukuma mkokoteni kwa 250, na mkokoteni unamsukuma yeye kwa 250 kurudi nyuma, si zinafutana? Mbona unakwenda?" Nilitamani kumkumbatia. Hilo ndilo swali linaloonyesha mtu amefikiri, na wapo waliomaliza vyuo bila kuliuliza.

Nilichora picha mbili, mbali moja na nyingine. Kwenye ya kwanza mkokoteni peke yake: baba anausukuma mbele 250, msuguano unauvuta nyuma 150, inabaki 100, unakwenda. Kwenye ya pili baba peke yake: mkokoteni unamrudisha nyuma kwa 250, na miguu yake inasukuma ardhi nyuma, ardhi nayo inamsukuma yeye mbele kwa 262. Inabaki 12, inayotosha kumharakisha mtu wa kilo 60 sawasawa na mzigo wake. Zile 250 mbili hazifutani kwa sababu haziko juu ya mwili mmoja. Deni la jirani haliwezi kufutwa na fedha iliyo mfukoni mwako.

Kwa hiyo anayeusogeza mkokoteni kwa kweli ni nani? Ardhi, ikipitia kwa baba. Ndiyo maana hakuvaa yeboyebo kazini hata siku moja. Alivaa katambuga, zile sandali za tairi la gari, na mvua ikinyesha alizifunga kamba za katani chini ili zishike. Siku za tope niliwahi kumuona amejilaza karibu kulala chini, misuli imesimama, na miguu inarudi nyuma palepale alipo. Nguvu za mwili alikuwa nazo zote. Ardhi tu ndiyo iliyokosa namna ya kumrudishia. Msuguano uleule aliopambana nao kwenye beringi kwa grisi, ndio alioutafuta kwenye nyayo kwa raba.

Jambo moja linaniuma, nitalisema. Mtihani wa watoto hawa ni wa Kiingereza, na wapo wanaoniambia nisipoteze muda kueleza kwa Kiswahili. Galileo alipotaka watu wa kwao waelewe aliandika kwa Kiitaliano. Newton alitoa kitabu chake cha sheria hizi mwaka 1687 kwa Kilatini, na Waingereza wenzake walisubiri mpaka 1729 kukipata chapani kwa lugha yao. Sheria haina lugha. Yule binti wa dawati la nyuma asingeuliza swali lile kwa Kiingereza; angelimeza, na mwezi wa kumi na moja angeandika sentensi aliyoikariri, apate alama, na abaki anaamini nguvu huisha. Nitaendelea kuwaeleza kwa lugha wanayoulizia, kisha nitawafundisha namna ya kulijibu karatasi la mtihani.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba kliniki na tukapanda mwendokasi Kariakoo. Vijana walitaka kumpisha kiti, akakataa, akasimama karibu na mlango. Tulipopita Fire na basi likaanza kuinama nikamkumbusha habari za Galileo na miteremko yake miwili. Alisikiliza huku anaangalia dirishani.

"Huyo mzee alikuwa na mkokoteni?"

"Hapana baba. Mpira wa shaba, na ubao wenye mfereji."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akimkubali mtu wa kazi. "Na mfereji wake aliulainisha mwenyewe?"

"Aliulainisha."

"Sawa," akasema.

Basi lilikuwa linakaribia kituo cha Jangwani. Nilikuwa bado naongea wakati dereva alipokanyaga breki, na mimi, mwalimu wa fizikia, nikaenda mbele pamoja na abiria wote. Mkono wa baba ukanidaka begani. Goti lake lenye kovu lilikuwa limeshakunjwa, na mguu wa kushoto ulikuwa umetangulia mbele zamani.